Jinsi ya kujua injini ya zamani ya boti imetengenezwa na nani, kabla hujaipeleka kwa watu wa skrapu

Wandugu habari zenu. Juzi nimeshuka mwaloni Masese hapa Jinja nikakuta vijana wawili na nyundo kubwa wanapasua injini ya zamani, ile ya chuma kizito kabisa, nikawauliza hii ni ya nani, ilitengenezwa wapi, wakanijibu mzee hii ni chuma tu, tunauza kwa kilo. Roho iliniuma sana. Walikuwa washapasua upande ule ambao pleti (kile kibati chenye jina na namba) ilikuwa imekaa, na pleti yenyewe ya shaba ilishauzwa asubuhi. Ndo maana nimeamua kuandika hii yote hatua kwa hatua, ili ukikuta injini kama hio kwa babu yako, kwa misheni, kwenye stoo ya zamani au chini ya mti pale ufukweni, ujue ya kufanya.

Na msiseme Uganda haina bahari kwa hio injini za meli zitoke wapi. Ziwa letu hili la Victoria limebeba meli za mvuke tangu zamani: William Mackinnon, Winifred, Sybil, Clement Hill, zote zilijengwa na Bow, McLachlan & Co. wa Paisley kule Scotland, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa hadi Mombasa na kuunganishwa tena Kisumu, hio Mackinnon iliingia majini mwaka 1900. Ziwa Albert lilikuwa na Robert Coryndon ya kiwanda cha Thornycroft, ikazama pale Butiaba mwaka 1964 maji yalipopanda. Ziwa Kyoga lilikuwa na meli zake zikikutana na reli ya Jinja kwenda Namasagali iliyofunguliwa 1912. Hizo ni kubwa, lakini nyuma yake kulikuwa na boti ndogo ndogo za serikali, za misheni, za wafanyabiashara, na kila moja ilikuwa na injini. Boti zilioza, injini zikabaki.

Sasa kitu kimoja nataka ukishike kabla ya yote: jina utakaloliona kwanza kwenye injini mara nyingi SI jina la aliyeitengeneza. Hapo ndo watu wengi wanapotea, na nitarudia tena huko chini.

HATUA YA 1: Usiguse na grainda

Piga picha kwanza vile ilivyo, na kutu yake na uchafu wake, pande zote nne, juu, na chini kama unaweza kuingiza simu. Piga picha hata vitu unavyoona havina maana kama bomba limekatwa au bolti mbili zimebaki kwenye ukuta wa silinda, maana hizo zinaonyesha kulikuwa na kitu fulani pale.

Halafu safisha. Mafuta taa au dizeli, brashi ya waya laini ile ya shaba, kitambaa, na uvumilivu. Grainda hapana, tindo hapana, msasa mkali hapana, kwa sababu namba zilizogongwa kwenye chuma zina kina kidogo sana na ukipitisha grainda mara moja tu zimekwisha na hazirudi. Pleti ya shaba vilevile usiisugue mpaka ing'ae, herufi zake zinalika, pangusa tu na mafuta taa uache.

Na angalizo la afya jamani: kama bomba la moshi limefungwa kamba nyeupe au kitu kama plasta nyeupe ya zamani, usiikwangue wala kuipuliza na kompresa. Injini za miaka hio zilifungwa asbesto na vumbi lake linaua mapafu polepole. Ilowanishe maji uiache hapohapo mpaka upate mtu anayejua kuitoa.

Maandishi yakiwa hayasomeki, chukua chaki au hata unga wa muhogo, paka juu kisha pangusa na kiganja: herufi zilizozama zinabaki nyeupe. Zile zilizoinuka fanya kinyume, weka karatasi juu usugue na mkaa au penseli. Na njia ninayoipenda zaidi ni kungoja usiku, washa tochi uilaze pembeni kabisa ya chuma, mwanga ukipita ubavuni unaona vitu ambavyo mchana vilikuwa havipo kabisa.

HATUA YA 2: Soma kila jina, halafu yagawe

Chukua daftari, andika kila neno na kila namba pamoja na mahali ulipoikuta. "CAV, kwenye pampu ya nozo." "Lucas, kwenye magneto." Usiandike neno bila mahali.

Nilishawahi kukaa wiki tatu nzima na injini ya silinda nne ambayo kila fundi aliiita injini ya CAV, kwa sababu jina hilo lilikuwa kwenye pampu, kubwa, linasomeka vizuri. Nikatafuta kitabu cha injini ya CAV, nikauliza spea za CAV, sikupata kitu. CAV walitengeneza pampu na nozo na vitu vya umeme, wakauzia viwanda vingi. Injini ilikuja kuwa Gardner.

Kwa hio haya majina ukiyaona jua ni ya kifaa tu: CAV, Simms na Bosch kwenye pampu za dizeli, Lucas na BTH kwenye magneto (ile inayotoa umeme wa cheche za plagi) na dainamo, Zenith, Solex na Amal kwenye kabureta, SKF na Hoffmann kwenye beringi, Jabsco kwenye pampu ya maji, Hurth, Borg Warner na Twin Disc kwenye giaboksi. Hayo si ya kutupa, yanakusaidia kujua nchi na miaka, lakini siyo jibu.

Kundi la pili ni pleti za mwenye mali. Ukiona KUR&H hio ni reli na bandari za Kenya na Uganda, EAR&H ni shirika lililoshika baada yake kuanzia 1948. Hao walikuwa wenyewe wa mashine, hawakuitengeneza, na namba iliyo pale ni ya daftari lao la mali. Usiitume kwa mtu ukimwambia ni namba ya injini, utampoteza na yeye. Kundi la tatu ni muuzaji, kuna kampuni kama Gailey & Roberts ambazo ziliuza mashine Afrika Mashariki yote, nao muuzaji kazi yake ilikuwa kuagiza na kuuza.

Yaliyobaki baada ya kutoa makundi haya matatu ndo unayafanyia kazi.

HATUA YA 3: Tofautisha kilichosubiwa na kilichogongwa

Herufi zilizoinuka juu ya chuma zilitoka kwenye kalibu wakati chuma kinamiminwa. Namba za namna hio ni namba za kipande, kila bloku ya aina ile inayo. Namba zilizozama, zilizogongwa moja moja na nyundo, mara nyingi haziko kwenye mstari mnyoofu, hizo ndo namba ya siriali, ni ya injini yako peke yake.

Wapi pa kutafuta? Mlango wa pembeni wa krankikesi (boksi la chini linalobeba krenki), sehemu bapa ya bloku karibu na hedi, miguu ya injini, juu ya kifuniko cha valvu, ukingo wa flaiwili. Kwa injini za mvuke angalia ubavu wa silinda kubwa kuliko zote, ile ya mvuke uliochoka, pleti nyingi ziliwekwa pale kwa sababu ina nafasi. Na angalia ncha ya krenki na vichwa vya konrodi ndani, siriali au sehemu yake saa zingine iligongwa hata huko, huko kutu haifiki kirahisi.

HATUA YA 4: Vifupi vinakuambia nchi

Hapa utafurahi. Hata kama jina limelika, herufi mbili tatu zinatosha. Ltd ni Uingereza. GmbH ni Ujerumani. AB ni Sweden, A/S ni Denmark au Norway, N.V. ni Uholanzi. Halafu nguvu ya injini kila nchi iliandika kivyake: BHP ni Waingereza, PS ni Wajerumani, PK ni Waholanzi, HK ni Waswidi, Wadenmark na Wanorway, CV ni Wafaransa. Ukikuta pleti imelika yote imebaki "24 HK" tu, tayari umeshaondoa Uingereza na Ujerumani kwenye orodha yako.

HATUA YA 5: Waulize bolti

Pleti inaweza kuibiwa, bolti haiibiwi zote. Injini ya Muingereza ya kabla ya miaka ya hamsini karibu yote ina nyuzi za Whitworth, yaani kipimo cha zamani cha Kiingereza cha meno ya bolti, na spana zako za milimita hazikai vizuri, ama inalegea ama haiingii, kila fundi wa zamani anaijua hio kero. Chukua bolti ya nusu inchi, weka rula pembeni, hesabu meno ndani ya inchi moja. Meno 12 ni Whitworth, meno 13 ni ya Kimarekani. Kama inakuja sawa na milimita, yaani M12 yenye hatua ya milimita 1.75, basi tafuta bara Ulaya au Japani. Chukua bolti nne tano kutoka sehemu tofauti, na zitoke kwenye mwili wa injini yenyewe, kwa sababu giaboksi na pampu zilibadilishwa, na bolti za nje fundi yeyote wa Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, anaweza kuwa alichonga mpya.

HATUA YA 6: Angalia umbo

Hii ndo hatua yenye utamu na inataka macho yazoee. Nitawapa zile ninazozijua vizuri.

Gardner, kiwanda kilikuwa Patricroft karibu na Manchester. Ile familia ya LW namba ya mbele ni silinda: 4LW, 5LW, 6LW. Silinda zake hazikai kwenye bloku moja. 4LW ina bloku mbili za silinda mbili mbili, 6LW ina mbili za tatu tatu, na 5LW ina moja ya mbili na moja ya tatu, ukiona injini ya silinda tano imegawanyika hivyo huna haja ya kuuliza. Pampu ya nozo ina vijiti vya kupampu kwa mkono, kimoja kwa kila silinda.

Kelvin, ya Bergius wa Glasgow, walianza mwaka 1904 na magari wakahamia kwenye boti. Dizeli zao za K na J zina kitu cha ajabu, ziliwashwa na petroli kwanza! Kwa hio utakuta injini ni ya dizeli, ina nozo, lakini ina magneto, plagi na kabureta ndogo pembeni. Watu wakiona hivyo wanasema fundi aliivuruga, hapana, ndivyo ilivyozaliwa. Namba ya nyuma ni silinda: K2, K3, K4, na K ni nguvu ya farasi 22 kwa silinda, kwa hio K2 ni 44.

Lister ya Dursley, Uingereza, sote tunaijua kwenye vinu vya posho, ile ya 6/1 ni farasi 6 silinda 1, flaiwili mbili kubwa nje. Hapa kuwa makini, kuna nakala nyingi sana zilizotengenezwa Rajkot, India, ukiziona kwa mbali zinafanana kabisa, ni mashine nzuri tu zinasaga mpaka leo lakini siyo za Dursley, na tofauti unaitafuta kwenye maandishi yaliyosubiwa, usiamini rangi ya kijani. Rangi kwa ujumla usiiamini kwa injini yoyote, hapa kwetu injini hupakwa rangi iliyokuwepo dukani siku hio.

Bolinder wa Stockholm, na ndugu zake wa kaskazini, ni zile zenye kichwa kama chungu au kitunguu juu ya silinda ambacho unakipasha moto na stovu ya pampu kabla ya kuwasha. Nyingi za Bolinder hazikuwa na giaboksi ya kurudi nyuma, injini yenyewe iligeuzwa izunguke upande mwingine.

Ukikuta injini ina namba 6-71 hio ni ya General Motors ya Marekani, maana yake silinda 6, kila moja inchi za ujazo 71, ni dizeli ya tu-stroku na ina pampu kubwa ya hewa ubavuni. Perkins wa Peterborough nao waliandika hivyohivyo: 4.236 ni silinda 4, inchi za ujazo 236 kwa jumla. Mtu akikuuzia 4.236 yenye silinda sita ujue pleti imehamishwa kutoka injini nyingine.

HATUA YA 7: Pima

Kama bado huna jina, vipimo vinaongea. Unataka upana wa silinda na mwendo wa pistoni. Mwendo unaweza kuupata bila kufungua hedi kama tundu la nozo limesimama wima juu ya pistoni: ingiza kijiti cha mti mgumu, kirefu, kisichoweza kuanguka chote ndani, zungusha flaiwili kwa mkono polepole, weka alama pistoni ikiwa juu kabisa na ikiwa chini kabisa. Kama tundu limelala ubavuni achana na kijiti, kitavunjika ndani, fungua hedi. Ukifungua pima upana na venia chini kidogo ya ukingo, juu kabisa kumelika au kuna kidaraja.

Ile yangu ya silinda nne niliyoitaja kwenye hatua ya 2 ilitoka milimita 108 kwa 152. Ukiona namba za milimita zimekaa vibaya hivyo gawanya kwa 25.4: inchi nne na robo kwa inchi sita kamili. Hio ndo Gardner LW, na 4LW hesabu yake ni upana mara upana mara 0.785 mara mwendo mara silinda, inakuja karibu lita 5.6. Kelvin K ni inchi 6 kwa 9. Lister 6/1 ni inchi nne na nusu kwa tano na nusu. Kipimo kikikaa kwenye inchi safi, Muingereza au Mmarekani. Kikikaa kwenye milimita safi kama 100 kwa 130, nenda bara Ulaya au Japani.

HATUA YA 8: Je, ni injini ya maji kweli?

Nyingi zilizaliwa za lori au trekta, halafu kampuni nyingine ikazifunga manifoldi inayopozwa na maji, pampu ya maji ya ziwa na giaboksi. Ford wa Dagenham walifanyiwa hivyo sana, na kampuni kama Lehman, Sabre na Mermaid ndo waliziuza kama injini za boti. Kwa hio hapa unaweza kuwa na majina mawili na yote ni ya kweli: moja la bloku, moja la aliyeigeuza. Yaandike yote mawili. Spea za pistoni utatafuta kwa jina la bloku, manifoldi kwa jina la pili.

HATUA YA 9: Mwaka

Jina lenyewe linazeeka, tumia hio. Pleti ikisema Ruston, Proctor ni kabla ya 1918, maana mwaka huo waliungana na Hornsby ikawa Ruston & Hornsby. Bolinder-Munktell inaanza 1932. Penta ilinunuliwa na Volvo 1935. Kwa injini ya Marekani angalia namba za hataza (patent) kwenye pleti: hataza ya milioni moja ilitolewa 1911, ya milioni mbili 1935, ya milioni tatu 1961, kwa hio ukikuta namba inaanza na 1,9 na tarakimu tano tena nyuma yake, injini haiwezi kuwa ya miaka ya ishirini mwanzoni.

Na wale wenye injini za kutundika nyuma mnaniuliza kila siku, kwa Johnson na Evinrude kuanzia 1980 mwaka umefichwa kwenye herufi za modeli, neno ni INTRODUCES, herufi ya kwanza ni 1, ya pili 2, mpaka S ambayo ni 0. EI ni 91, yaani 1991.

HATUA YA 10: Kuuliza watu

Sasa ndo unauliza, siyo kabla. Kwa viwanda vya Uingereza tovuti ya Grace's Guide ina historia ya kampuni nyingi mno. Kwa meli zilizojengwa Scotland kuna orodha ya Scottish Built Ships, unatafuta jina la meli unaona nani aliijenga. Anson Engine Museum kule Poynton karibu na Manchester ni watu wa injini za zamani. Hapa nyumbani nenda makumbusho ya reli Jinja na Uganda Museum pale Kira Road, na kama injini inatoka kwenye meli ya zamani waambie kabla haijaenda popote. Na wazee mabaharia na mafundi wa reli waliobaki, Jinja, Port Bell, Entebbe, kaa nao chini, ssebo, na chai, usiende na haraka.

Ukiandika ujumbe usitume picha moja ya mbali na swali "hii ni nini". Tuma: silinda ngapi, upana na mwendo, nyuzi za bolti, maandishi yote na mahali pake, zilizoinuka na zilizozama kando kando, picha nane, na ilipopatikana. Siriali yenyewe ukiiweka mbele ya watu wote ficha tarakimu mbili za mwisho, umpe kamili yule anayetafuta kwenye madaftari.

Ukishajua jina, pleti ya asili itoe taratibu. Nenda Katwe wakuchongee nakala uifunge kwenye injini, ile ya asili ifunge kwenye kitambaa chenye grisi uiweke ndani ya nyumba, pamoja na daftari lako.